Kilichochekwa Msibani

"Nasimamisha hapo," alisema Inspekta Gervas, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Koti hilo hapo, Afande. Unataka ushahidi gani zaidi?"

Eufrazia Kobelo alisogeza kiti karibu na kioo. Alikwisha kustaafu upelelezi, lakini Gervas, ambaye Eufrazia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alikuwa bado anamwita Afande. Siku hizi alimfanyia kazi wakili Shukuru, na alikuwa amekuja kituoni kuona vielelezo vya kesi ya mteja wao. Mteja huyo, Abasi, mkulima wa mboga wa huko juu Uluguru, alikuwa mahabusu tangu mwezi wa tano, na sasa ulikuwa mwezi wa nane. Shtaka lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana. Akipatikana na hatia, anafungwa miaka thelathini.

Mlalamikaji alikuwa Bwana Lothar, Mzungu mwenye nyumba ya wageni mlimani. Aliwaeleza polisi kwamba jioni moja ya mvua mtu alimvamia barazani kwake, akampiga rungu la kichwa, akamvua koti na kukimbia. Mtu wa namna gani? Mweusi, mrefu. Kuanzia Gairo mpaka Ngerengere wamejaa watu wa namna hiyo, lakini polisi waliyapokea maelezo hayo kwa heshima zote. Wiki chache baadaye alifariki mzee Kasimiri, mpishi wake. Bwana Lothar akapanda kijijini kuzika, na pale msibani akamwona Abasi amevaa koti lile lile. Akasimama, akanyoosha kidole. Ni huyu!

"Gwaride la utambulisho mlifanya?" Eufrazia aliuliza.

"La nini tena? Kamtambua mwenyewe mbele ya watu."

"Kamtambua mtu au kalitambua koti?"

Gervas alikuna shingo. "Afande, yule ni Mzungu. Ubalozi wake ulishapiga simu mpaka kwa wakubwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningetazama picha mpaka mwisho. Endelea."

"Baada ya hapo hakuna kitu, ni utani tu wa msibani."

"Endelea, Gervas. Na uweke sauti."

Video ile ilikuwa imerekodiwa kwa simu na mmoja wa waombolezaji. Ukoo wa Abasi na ukoo wa Kasimiri ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Huvaa nguo atakazozikuta kwa marehemu, huiga mwendo wake, hulala kaburini mpaka abembelezwe atoke, na waliokuwa wanalia hujikuta wanacheka. Akimaliza, hakuna anayemwekea maneno yake moyoni.

Kwenye video Abasi alikuwa anatembea kifua mbele ndani ya koti la kijani lililompwaya. "Kasimiriii!" aliita kwa sauti ya puani. "Kahawa yangu wapi?" Watu wakacheka. Akatoa chupa tupu ndani ya koti, akapiga mafunda, akaanza kuyumba. Akajifanya anapanda ngazi. Mguu ukakosa ngazi, mfuko wa koti ukanasa mahali, naye akaigiza kwa mdomo mlio wa kitambaa kinachochanika. Akaanguka kifudifudi, paji la uso likagonga sufuria iliyopinduliwa chini. Akalala kimya.

Kisha akaruka juu, akavua koti, na papo hapo akawa mzee Kasimiri, mgongo umepinda, anakimbilia mtu aliyeanguka. Akavua shati lake, akalipasua, akamfunga yule mtu kichwa, akambeba mgongoni huku anahema. Mwishowe akaliokota koti, akatazama kushoto na kulia, akalibana kwapani na kuondoka kwa kunyata, kidole mdomoni. Vicheko vilikuwa vingi mpaka simu iliyorekodi ikatikisika. Halafu kando ya picha akasimama mtu mweupe aliyevaa suti nyeusi, akapiga kelele, na vicheko vikakatika.

Gervas naye alikuwa anacheka.

"Unacheka nini?"

"Ah, Afande! Jamaa fundi."

"Ametuonyesha Mzungu amelewa, ameanguka kwenye ngazi zake mwenyewe, na mpishi amelichukua koti. Watu msiba mzima wamemtazama, na wewe umemtazama. Hakuna aliyemuuliza hayo ameyajuaje?"

"Ni utani," alisema Gervas, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. "Na kama ameyajua kwa sababu yeye ndiye aliyempiga?"

Lilikuwa swali zuri, na Eufrazia aliliweka akiba. Aliomba aone koti lenyewe. Gervas alilitoa kwenye mfuko wa nailoni, likiwa limefuliwa, safi. Mfuko wa kulia ulikuwa umechanika na kushonwa upya. Eufrazia aliupindua. Ndani kilikuwa kimewekwa kiraka cha kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na mshono wake ulikuwa mdogo, wa mtu mwenye subira.

"Mwizi naye ana fundi wake," alisema Gervas.

"Huu ni mkono wa mkewe, na leo tutamjua," alijibu Eufrazia.

Hapo alikosea.

* * *

"Sina mke, mama," alisema Abasi.

Gerezani, kabla ya kuruhusiwa kukaa, askari alimpigia kelele achuchumae, naye akachuchumaa upesi, mikono kichwani, macho chini. Alikuwa mtu mrefu, na kumwona amejikunja vile kulimtia Eufrazia uchungu. Baada ya shikamoo na marahaba alimuuliza nani alishona mfuko wa koti.

"Sijui. Niliokota njiani."

"Ndivyo ulivyowaambia polisi. Mimi si polisi tena. Umeokota koti limefuliwa na kushonwa?"

"Nimeokota."

"Abasi, miaka thelathini ukitoka utakuwa babu. Ulilitoa wapi?"

Alitazama alikosimama askari, akashusha sauti. "Mama, siku wananikamata Inspekta aliniambia hivi: taja nyumba ulikolitoa, twende sasa hivi tukamchukue mwenye nyumba, atajibu kesi ya kupokea mali ya wizi. Na wewe ukimpata utaandika jina lake, si ndiyo? Kuna mtu yuko ndani, hatoki hata uani. Mume wake amekufa, ameachiwa watoto. Nimtaje? Mtani anakwenda msibani kufuta watu machozi. Nikimtaja, nitakuwa nimeenda kufanya nini?"

"Ndiyo maana hutaki kusema."

"Nimeokota, mama," alisema Abasi, na safari hii aliangalia pembeni.

Hakumtaja mtu. Lakini katika ukoo mzima wa Kasimiri aliyekuwa ndani hatoki hata uani alikuwa mmoja tu.

* * *

Eufrazia alipanda asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika mabonde, akipishana na akina mama waliokuwa wanashusha karoti na koliflawa mjini. Alikuwa na goti bovu, na kila matuta ya mboga yalipokwisha aliona mengine juu yake. Alimlaani Lothar, akamlaani Gervas, kisha akajilaani mwenyewe kwa kuvaa viatu vya kanisani.

Nyumba ya marehemu Kasimiri ilikuwa imefungwa madirisha. Kwa desturi ya pale, mjane huketi ndani mpaka tanga liondolewe, na mwanamume wa nje haingii aliko. Na tanga la Kasimiri lilikuwa halijaondolewa. Mtani aliyevaa nguo ya marehemu ndiye anayepaswa kulifunga, naye alikuwa gerezani. Arobaini ilikuwa imefika, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Gervas na askari wake walipokuja kijijini waliishia uani, wakaongea na wajomba, wakaondoka. Hakuna aliyeingia kwa mjane.

Eufrazia alivua viatu, akaingia, akaketi mkekani.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, mama. Karibu."

Mjane huyo, Veronika, alikuwa amejifunga kanga nyeusi kichwani. Uso wake ulikuwa umepauka kwa kukosa jua. Waliongea habari za msiba kwanza, na za watoto, na za mvua iliyoharibu maharage. Haraka ingemziba mdomo. Kisha Eufrazia akasema, "Dada, nionyeshe kitenge chako cha bluu, chenye maua ya njano."

Mikono ya Veronika ilitulia juu ya mapaja. Alijivuta mpaka kwenye sanduku, akatoa kitenge cha sare ya akina mama wa kanisa, akakikunjua. Pembe moja ilikuwa imekatwa.

"Nani amekwambia? Abasi?"

"Abasi kasema kaokota njiani. Mpaka jana anasema hivyo."

Hapo mjane akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakimtiririka.

"Mume wangu alikuja jioni ile analowa, yuko na fulana tu," alisema. "Namuuliza, shati liko wapi? Anasema nimemfunga bosi kichwa. Bosi kalewa, kaanguka, kapasukia kwenye chungu cha maua. Kampa koti lina damu, kamwambia, Kasimiri, nenda ukafue kwako, yule binti wa usafi asilione, na usimwambie mtu. Nikalifua. Mfuko umechanika, nikaushona. Nasema kesho arudishe. Kesho yake hakuamka, kifua kimembana. Toka siku ile alikuwa anakohoa mpaka tukamzika. Abasi alikuja kumuuguza, akaambiwa yote. Walikuwa hawafichani."

"Na koti?"

"Lilikuwa linaning'inia pale kwenye msumari. Abasi kaingia siku ya msiba, kasema leo navaa hili. Nikacheka, mama. Mume wangu yuko ndani ya jeneza na mimi nikacheka."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wajomba walisema nikisema koti lilikuwa humu, polisi watasema Kasimiri ndiye mwizi. Amempikia yule mtu maisha yake yote, aitwe mwizi kaburini? Na Abasi mwenyewe kasema kaokota. Nikajua ana mpango wake."

"Mpango wake ni wewe usikamatwe."

Veronika alikunja kitenge taratibu, akakiweka mapajani mwa Eufrazia. "Peleka. Na kama wanataka niseme, waje na askari wa kike, nitasema hapa hapa. Wakikataa, nitatoka na tanga langu, ukoo watanisamehe."

* * *

Gervas alikuja kwa shingo upande, na koti ndani ya mfuko wake wa nailoni. Alikuwa ameshauona ule upande wa kitenge uliokatwa. Walimkuta Bwana Lothar barazani anajimiminia kahawa mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekaa nchini miaka mingi.

"Karibuni. Mmeshamfunga?"

Eufrazia hakupanda baraza. Alikuwa anatazama vyungu vya maua vilivyopangwa kando ya ngazi. Vyote vilikuwa vya zamani, vimeota ukoga, isipokuwa kimoja cha mwisho kilichokuwa kipya, chekundu.

"Chungu cha zamani kilichokuwa hapa kilivunjika lini?"

"Vyungu vinavunjika, mama. Mimi sihesabu."

Kwenye nguzo ya ngazi kulikuwa na msumari mkubwa wa kutundikia taa. Eufrazia alimwomba Gervas alishike koti usawa wa mabega, mahali ambapo mtu anayepanda ngazi angepita. Mfuko wa kulia ukafika sawasawa na msumari.

"Bwana Lothar, yule mnyang'anyi alipokuvua, koti lilikuwa zima au limechanika?"

"Zima."

"Una hakika?"

"Koti langu nalijua."

"Basi mwizi alikwenda kulichana mwenyewe, halafu akampelekea mke wa mpishi wako alishone kwa kitenge chake cha kanisa." Alifungua mkoba, akaweka kitenge juu ya ngazi, pembe iliyokatwa ikitazama juu. Gervas, bila kuambiwa, akapindua mfuko wa koti. Bluu na bluu, ua la njano lililokatwa nusu likakutana na nusu yake.

Bwana Lothar alimgeukia Gervas. "Inspekta, huyu mama ni nani? Nani amemruhusu?"

Gervas alitazama sakafu. Kisha akavua kofia. "Jibu swali, Bwana Lothar."

Kahawa ilipoa. Mzee yule alikaa, na alipokaa alionekana mdogo kuliko kiti chake. "Binti yangu alisema nikinywa tena anauza hapa, ananirudisha kwetu," alisema. "Nilikuwa na bendeji kichwani, ningemwambiaje? Nikasema nimevamiwa. Yeye ndiye aliyepiga simu ubalozini. Mimi sikutaja jina la mtu."

"Ulitaja rangi."

"Niliulizwa alikuwaje. Nilisema kitu ambacho kila mtu angekubali."

"Na msibani? Koti ulijua liko kwa Kasimiri. Wewe ndiye uliyempa."

"Alikuwa ananicheka!" Sauti ilimpanda ghafla. "Nimekwenda kumzika rafiki yangu, na huyu mtu ananicheka mbele ya kijiji chote, na chupa, na koti langu! Nilidhani mtamweka siku mbili tatu, mumwachie. Hapa huwa mnaachiana."

Eufrazia alikuwa na hasira mpaka masikio yakamwuma. Katika kazi yake alikuwa amekaa na wauaji bila kutetemeka, lakini hilo neno, mnaachiana, lilimshinda. Alikiokota kitenge kwenye ngazi, akakikunja, ndipo akauliza.

"Siku ile Kasimiri alikufunga kichwa kwa kitu gani?"

"Kwa shati lake."

"Na kwake alirudi amevaa nini, kwenye mvua ile?"

Bwana Lothar aligusa paji la uso.

"Kama ungetazama utani ule vizuri," alisema Eufrazia, "ungeona sehemu kubwa ilikuwa inamsifu rafiki yako. Wewe ulijiona peke yako."

Gervas alitoa karatasi za maelezo, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuandika.

* * *

Mahakamani ilichukua muda mfupi kuliko kufungua dirisha. Wakili wa serikali alisimama, akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri, akakaa. Hakimu akamwambia Abasi yuko huru. Hakuna aliyemwambia pole. Koti lilirudishwa kwa Bwana Lothar, kwa saini, likiwa na kiraka chake.

Nje, wakili Shukuru alikuwa ameandaa malalamiko dhidi ya Bwana Lothar, kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Ilibaki Abasi aandike jina lake. Abasi aliikataa karatasi.

"Yameisha, mama. Nataka kwenda nyumbani."

"Hayajaisha. Kesho atamnyooshea mwingine."

"Mimi nataka kwenda nyumbani," alirudia, na Eufrazia akairudisha karatasi kwenye mkoba.

Jumamosi iliyofuata tanga la Kasimiri liliondolewa. Watu walijaa uani, ugali na nyama vikaliwa, misa ikasomwa. Kisha wakangoja. Veronika alikuwa ametolewa nje kwa mara ya kwanza, amekaa mkekani, akijikinga macho kwa kiganja. Abasi alikuwa amekaa karibu na ukuta.

"Mtani!" mjomba mmoja aliita. "Tumekungoja mpaka nyama imekwisha! Fanya kazi yako tuondoke!"

Abasi alisimama. Akatembea mpaka katikati ya uwanja. Akafungua mdomo.

Wakati huo huo Gervas akaingia uani. Alikuja kutoa rambirambi, na alikuja kwa nia njema, lakini alikuwa na sare na kofia. Abasi alimwona. Akachuchumaa pale pale, mikono kichwani, macho chini.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wajomba walipigana mabega. Akina mama walijifuta machozi kwa kanga, na mmoja akapaza sauti, "Haya, mtani kaanza!" Hata watoto wa Kasimiri walichuchumaa wakamwiga. Gervas alibaki mlangoni, kofia mkononi, asijue aondoke au aingie. Veronika alikuwa anatabasamu, kisha akamtazama Abasi vizuri, tabasamu likaondoka.

Eufrazia alivuka uwanja, goti likimwuma, akainama mbele yake. Abasi alikuwa hajainua macho. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Inuka, mwanangu. Hakuna aliyekuamuru."

Alichukua muda kushusha mikono. "Wanadhani natania," alisema.

"Najua."

Alitazama watu wanaocheka, mmoja mmoja, kana kwamba anatafuta aliyeelewa.

"Ile karatasi unayo?"

Eufrazia alifungua mkoba. Abasi aliiweka juu ya goti lake, akaomba kalamu. Walikuwa bado wanacheka alipokuwa anaandika jina lake.